Siku Kibao Namba Nne Kiliporudi Bila Mtu Wake

Mimi ndiye mwanamke mzee pekee ninayemjua aliyesimama kwa miguu yake mwenyewe kwenye sakafu ya bahari, bila mtungi, bila miwani, akarudi kusimulia.

Haya. Maji yalinifika kifuani.

Lakini sakafu ni sakafu.

Siku hiyo hiyo nilibembeleza mlango wa choo dakika nzima nikidhani naongea na daktari wa meno. Kumbe daktari wa meno yuko mahali pengine kabisa, anavuta hewa yake ya mwisho mwisho.

Nikae vizuri niwaeleze.

Kazi yangu ni kufua. Nipo kwenye kituo cha kufundishia watu kupiga mbizi, mwaka wa kumi na nne sasa. Wageni wakitoka baharini mimi nazisuuza suti zao za mpira kwa maji baridi, natoa chumvi, natoa mchanga, na natoa mengine ambayo mtu mwoga huyafanya ndani ya suti akidhani bahari itamtunzia siri. Wananiita Bibi Sabuni.

Shule yangu ni ya msingi tu, lakini namba nazisoma, na kila kitu pale kina namba na msumari wake. Kitu kikiwa mahali pasipo pake, mimi silali.

Mahali tunapowapeleka wanaoanza panaitwa Beseni. Ni duara la miamba, ndani yake maji yametulia kama ya kunawia. Katikati kabisa kina chake ni mita sita, yaani watu wanne wa kimo changu wakipandana mabegani. Chini ni mchanga mweupe. Samaki wa pale wamezoea watu mpaka wanapishana nasi bila hata kututazama.

Hakuna mtu aliyewahi kupotea Beseni. Ni kama kupotea jikoni kwako.

Ila ukingo wake umepasuka upande mmoja. Pale tunapaita Koo. Maji yakianza kupwa, Beseni lote linajimimina nje kupitia Koo, na nje ya Koo sakafu siijui, wala wanaoijua hawaisimulii kwa furaha.

Mwalimu wa siku hiyo alikuwa mjukuu wangu.

Nimemlea mwenyewe tangu anaota meno. Alianzia kwenye karo langu la kufulia, akapanda, akasoma, akafanya mitihani, akapata kadi yake ya ualimu. Ulikuwa mwezi wake wa kwanza kuongoza wageni peke yake. Bosi wetu alimwambia mbele yangu kwamba akikosea mara moja tu, kadi anaichukua, na msichana anarudi kwenye karo na bibi yake.

Alisema hivyo akiniangalia mimi, kana kwamba karo ni jela na mimi ndiye askari.

Sasa utaratibu wa boti. Kando ya usukani kuna ubao wenye misumari. Kila mtu ana kibao chake cha plastiki chenye namba. Ukiingia majini unakibana kifuani kwa klipu. Ukirudi unakitundika. Vibao vyote vikiwa ubaoni, watu wote wako botini. Nahodha haulizi mtu. Anatazama ubao, anawasha injini.

Siku hiyo vibao vilikuwa vitano. Mjukuu wangu, namba moja. Wadada wawili wafanyakazi wa benki, mbili na tatu. Daktari wa meno, nne. Mke wake, tano.

Mimi sina kibao. Nilichukuliwa tu kwa sababu mpika chai wa boti aliamka na homa.

Daktari alikuwa mjuaji wa daraja la kwanza. Kwenye fomu aliandika kwamba amepiga mbizi mara ishirini. Wakati wa kuvaa akaniuliza kwa sauti ya chini, eti pezi la kushoto ni lipi.

Mapezi yale hayana kushoto wala kulia.

Nilimwambia ni lile lililopauka kidogo. Akashukuru, akalivaa mguu wa kushoto kwa makini kabisa. Nilipaswa kumwambia mjukuu wangu kwamba huyu mtu hajawahi kuingia hata kisimani. Sikumwambia. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo.

Wakaingia majini, mmoja mmoja. Mjukuu wangu akawa wa mwisho. Nilimwona anautazama ubao kabla ya kuruka, akaona mtupu, akaridhika.

Nikabaki na nahodha. Yeye na bahari yake, mimi na birika langu. Nikachemsha maji, nikakunja mataulo, nikafuta benchi.

Baada ya robo saa hivi mke wa daktari akapanda ngazi ameshika sikio. Akatundika kibao chake, akajilaza kifudifudi. Muda kidogo wakapanda wadada wa benki, wanacheka, pua zimewachuruzika. Mwisho mjukuu wangu. Vibao vikaenda kwenye misumari, ta, ta, ta.

Mjukuu wangu akatazama ubao. Vitano.

Akauliza daktari yuko wapi. Mkewe, bila kuinua uso, akasema yuko chooni, tumbo lake na mawimbi haviivi chungu kimoja. Kweli mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Nahodha akawasha injini. Tukaondoka kwenda kunywa chai upande wa pili wa miamba, kama dakika tano hivi.

Tulipotia nanga, daktari hajatoka.

Mkewe akagonga. Akamwambia asitutie aibu. Akamwambia alimwonya kuhusu mayai yale ya asubuhi. Akaingia kwenye mambo ya nyumbani, mambo ya mama mkwe, mambo ambayo wadada wa benki waliyasikiliza huku wamesahau vikombe vyao mkononi. Mlango kimya.

Nikaona nisaidie. Nikasogea na kikombe.

"Daktari," nikamwambia, "wewe kila siku unawang'oa watu meno na hawanuni. Leo tumbo limekukorofisha kidogo tu ndiyo unatususia?"

Nikagonga kwa kikombe.

Nikambembeleza. Nikamwahidi sitamwangalia akitoka. Nikamwambia chai inapoa.

Nahodha akaja. Akasema kitasa kile kina tabia ya kujifunga chenyewe boti ikiyumba. Akachomoa kisu, akakiingiza kwenye upenyo, akainua komeo.

Ndani kulikuwa na ndoo.

Mke wa daktari aliendelea kuitazama ile ndoo kana kwamba mumewe angeweza kuwa ndani yake.

Nahodha akageuka, akautazama ubao. "Kibao chake kipo."

"Kibao kipo," mjukuu wangu akasema. Sauti yake sikuitambua. "Nilihesabu vibao. Sikuhesabu watu."

Na hapo, jamani, ndipo nilipokumbuka mkono wangu.

Nilipokuwa nakunja mataulo kwenye benchi, niliinua taulo la bluu, chini yake kulikuwa na kibao. Namba nne. Kimekaa tu pale, si mahali pake. Mkono haukuniuliza. Miaka kumi na nne mkono huu unaokota vitu vya watu na kuvirudisha kwenye misumari. Ulikichukua, ukakitundika, ukarudi kwenye mataulo. Akili yangu ilikuwa kwenye birika.

Mimi ndiye niliyemrudisha daktari botini. Mwili wake tu ndio sikuuleta.

Nilifungua mdomo niseme. Naapa nilifungua. Injini ikanguruma, nahodha anageuza boti kwa kasi, kila mtu ameshika kitu asianguke. Nikaufunga. Nikajiambia hawatanisikia kwa kelele hii.

Mtungi mmoja, pale Beseni, kwa mtu mtulivu, unamaliza saa nzima. Kwa mtu aliyepagawa haufiki hata dakika arobaini. Nilipiga hesabu njiani kwa vidole. Robo saa ya kwanza. Muda wa kuwasubiri wadada. Safari. Choo. Safari tena.

Vidole vikaisha.

Tukafika Beseni. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Juu hakuna kichwa, hakuna mapovu. Maji yameng'aa, mazuri, unaona mpaka chini, na chini hakuna mtu. Nahodha alizunguka mara moja. Mchanga, miamba, samaki. Mkewe alikuwa anaita jina ambalo si la daktari, nadhani ni lile la chumbani, na wala hakuna aliyecheka.

Mjukuu wangu alikuwa ameshavaa mtungi mpya. Akanyoosha kidole upande wa Koo.

Boti haiwezi kusogea pale, miamba iko juu juu. Na mtu haingii kwenye Koo maji yakitoka bila kamba kiunoni, na kamba lazima ishikwe na mtu aliyesimama kwenye ukingo. Nahodha hawezi kuacha usukani, boti ingetupwa mwambani. Mjukuu wangu akawatazama wadada wa benki. Walikuwa wanatetemeka mpaka meno yanagongana.

"Nipe kamba," nikasema.

"Bibi, hujui kuogelea."

"Sijaambiwa niogelee. Nimeambiwa nisimame."

Hakuwa na muda wa kubishana. Wakanishusha kwenye ukingo na gauni langu na viatu vyangu vya mpira. Maji yakaja kiunoni, yakaja tumboni, yakaishia kifuani. Chini ya miguu kulikuwa na mwamba wenye utelezi kama sabuni, na hicho ndicho kitu pekee pale nilichokuwa na ujuzi nacho.

Akanikumbusha ishara. Kuvuta mara moja, niko salama. Mara mbili, ongeza kamba. Mara tatu, nivute.

Akazama.

Kamba ikatoka mkononi mwangu taratibu, halafu kwa kasi. Maji yalinisukuma mgongoni, yananiambia twende, twende nje. Nikachimbia visigino. Gauni likajaa maji na kunivuta kama mtu mwenye hasira.

Mara moja. Yuko salama.

Mara mbili. Nikaongeza.

Halafu hakuna kitu.

Kamba ililegea. Ikakaa juu ya maji, imejipinda, kama kitu kilichotupwa. Nilihesabu. Moja mpaka ishirini. Moja mpaka ishirini tena. Nikaanza kuona vizuri kabisa kwamba mkono wangu mmoja umewapoteza watu wawili, na mmoja wao ni yule niliyempigia mswaki meno yake ya kwanza.

Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema tu, mchukue yeyote, huyu niachie. Mke wa daktari alikuwa hatua chache kutoka hapo, na mimi nikasema hivyo.

Mara tatu.

Nilivuta. Wacha niwaambie, nilivuta mpaka nikasikia bega linalia. Haikutosha. Nikapiga kelele, na wale wadada wa benki, waliokuwa wanatetemeka, wakajitupa kwenye ukingo na kushika kamba nyuma yangu. Mmoja akanikumbatia kiuno. Tukavuta sote watatu, tunateleza, tunainuka, tunavuta.

Kichwa cha mjukuu wangu kikatokeza. Halafu cha daktari, kimelala begani kwake kama cha mtoto aliyepitiwa na usingizi.

Mpira wake wa hewa ulikuwa umenasa kwenye jiwe ndani ya Koo. Alikuwa amelikumbatia lile jiwe kwa mikono na miguu. Kipimo chake cha hewa kilikuwa kimelala kwenye nyekundu, kimelala kabisa.

Tukamlaza botini. Akatapika maji. Akakohoa. Akafungua jicho moja.

"Mmechelewa," akasema.

Mkewe akamzaba kofi, halafu akamkumbatia, halafu akamzaba lingine.

Jioni bosi alituita wote ofisini. Daktari alikuwa amejifunika blanketi, amerudisha rangi na amerudisha maneno. Alieleza kwamba mkewe alipoumwa sikio walipanda wote, mjukuu wangu akawaona mpaka kwenye ngazi, ndipo yeye akaona kasa na kushuka tena kumfuata. Kasa akaingia Koo kama mwenye nyumba. Daktari naye akaingia. Kasa akatoka upande wa pili.

Mpaka hapo sawa.

Bosi akauliza swali alilokuwa nalo. Kibao namba nne kilifikaje ubaoni?

Nahodha akasema macho yake yalikuwa kwenye maji. Bosi akanigeukia.

Nikasema nilikuwa nimelala. Mzee mimi, jua, mawimbi, nilipitiwa na usingizi pale kwenye kona.

Hakuna anayelala akichemsha birika. Lakini mtu hamuulizi bibi kizee mara mbili.

Nilidhani litaishia hapo, litakuwa fumbo, wataapa kuwa makini, basi. Ndipo daktari akatoa mkono kwenye blanketi.

"Nilikiacha ubaoni mwenyewe," akasema. "Sikukitoa kabisa. Mtu mwenye mbizi ishirini hahitaji kibao."

Mwongo mkubwa. Klipu ilimshinda, akaona aibu kuuliza, akakificha. Afadhali aonekane bingwa mzembe kuliko aonekane mgeni. Nilimtazama, naye akanitazama, kila mmoja na uongo wake.

Mwanzoni nilishusha pumzi. Mwongo mwingine amebeba mzigo wangu bila kuombwa. Nini tena?

Halafu nikamwona bosi anamgeukia mjukuu wangu.

Kama kibao hakikutoka ubaoni, alisema, basi mwalimu aliingia majini bila kuukagua ubao.

"Niliukagua," mjukuu wangu akasema. "Ulikuwa mtupu."

"Mwenye kibao mwenyewe anasema kilikuwepo."

"Niliuona mtupu, bosi."

Bosi hakubishana. Alinyoosha kiganja. Mjukuu wangu akaivua ile kadi shingoni, polepole, utepe ukashika nywele, akautoa, akaiweka pale kiganjani. Hakulia. Angelia ningesema. Nadhani ningesema.

Simulizi kama hizi huwa zinafungwa na funzo, nami funzo langu nilikuwa nimeshalitayarisha: ukiwa na dhamana ya watu, hesabu vichwa, usihesabu vibao. Zuri, fupi, lina faida kwa wenye mabasi na wenye shule. Na la pili, usijifanye unajua kitu usichokijua, hasa chini ya maji. Mngelisoma, mngesema bibi huyu ana hekima, mkaenda zenu.

Ila bado kulikuwa na suti za kufua.

Nilikuwa kwenye karo, nasuuza ya daktari, sitaki kuwaambia nilichokisuuza. Mjukuu wangu akaja. Akavua viatu, akakunja mikono, akachukua ile ya mke wa daktari na kuanza kuigeuza ndani nje, kama nilivyomfundisha akiwa na miaka saba. Shingo yake haikuwa na kitu.

Tukafua. Akazungumzia bega langu. Akasema mmoja wa wadada wa benki ameomba namba yangu, anasema hajawahi kuona bibi mwenye nguvu hivyo. Nikajisifu kidogo. Akacheka kidogo.

Nikasema pole kwa mambo ya ofisini. Nikamwambia bosi ni mtu wa hasira, zitashuka, ajipe muda.

Akasema ndiyo, zitashuka. Akakamua mkono wa suti.

"Ila nahodha kaniambia kitu," akasema, bila kuinua macho. "Anasema sasa amekumbuka. Kile kibao alikiona sakafuni kabla hatujaondoka, karibu na ngazi, kimelowa. Kwa hiyo lazima kilimdondoka daktari alipomfikisha mkewe kwenye ngazi."

"Karibu na ngazi wapi?" nikasema. "Kilikuwa kwenye benchi, chini ya taulo la bluu, kikavu kabisa."

Bomba lilikuwa linatiririka. Hakuna aliyelifunga.

Mjukuu wangu aliiweka suti chini. Akajifuta mikono kwenye gauni langu, si kwenye lake.

"Nahodha hajaniambia kitu, Bibi," akasema. "Bosi bado yuko ofisini. Taa inawaka."